Penisilini Inamkataa Nani?

Tangu nistaafu, nakaa barazani nasikiliza wapita njia wakikohoa, na kila anayekohoa namtafutia ugonjwa kimoyomoyo. Mke wangu amenishauri niandike badala ya kupima watu ambao hawajaomba kupimwa. Basi naandika katika gazeti letu la hospitali, na ninaowaandikia ni ninyi wauguzi vijana mliorithi zamu zangu hapa Lubumbashi. Habari za vyeo siziwezi, zinanichosha hata mimi mwenyewe. Nitasema habari za dawa moja, penisilini, na za mtoto mmoja aliyekaribia kufa kwa sababu kwao walisema dawa hiyo inamkataa.

Nilianza kazi kabla kidogo ya uhuru, mji ukiitwa bado Elisabethville. Aliyenipokea alikuwa Papa Mutombo, muuguzi mkuu wa wodi yetu, Mluba wa Kasai, mrefu, mpole, na viatu vyake viling'aa kuliko sakafu ya masista. Siku ya kwanza hakunionyesha mgonjwa hata mmoja. Alinionyesha sufuria. Sindano zetu zilikuwa za kioo, tukizichemsha asubuhi na mchana, na ncha zake za chuma tulizinoa kwenye jiwe dogo kama visu vya jikoni. Iliyokuwa butu hatukuhitaji kuichunguza kwa macho, mgonjwa alitutangazia.

Kisha akanifundisha kuandaa penisilini. Unga mweupe kwenye kichupa, maji safi, unazungusha taratibu usifanye povu, unavuta, unatoa hewa. Hapo kwenye kutoa hewa ndipo wauguzi wengi walipenda kujionyesha. Walielekeza sindano juu na kurusha dawa kidogo hewani, na wagonjwa waliona kwamba kweli wamefika kwa wataalamu. Papa Mutombo hakutaka kuona mchezo huo. Alitolea hewa ndani ya pamba, karibu kabisa na ncha.

"Juu ya nini, Papa?" nikamuuliza.

"Angalia mikono yangu," akasema. Vidole vyake vilikuwa vimekauka na kupasuka, na ngozi kati ya kidole na kidole imekuwa nyekundu. "Ile dawa unarusha mu hewa inarudia kwako. Inaingia mu macho, mu ngozi. Kidogo kidogo mwili inaijua. Siku moja inaikatala."

"Na juu ya nini mwili ikatale kitu yenye inaponesha?"

Alinitazama sana, akacheka. Tangu siku hiyo akaniita Bwana Juu-ya-nini, yaani Bwana Kwa-nini, na jina hilo likanifuata wodi hadi wodi mpaka nastaafu. Silikasirikii. Mtu asiyeuliza, kazi ya hospitali ataifanya kama anavyotwanga mihogo.

Mara yangu ya kwanza kuona mwili ukiikataa, mgonjwa alikuwa fundi mwashi wa reli, mwenye kidonda mguuni. Alipigwa sindano, akashukuru, akakaa kwenye benchi kufunga mkanda. Mara akaanza kujikuna viganja vya mikono. Sikio likawa jekundu, kisha midomo ikavimba, kisha sauti ikakwaruza. Akasema, "Papa, minasikia sawa ninakufa." Nilidhani ni woga. Papa Mutombo hakudhani chochote. Alimlaza chini palepale sakafuni, akaniamuru niinue miguu yake juu ya kiti, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kisahani cha adrenalini. Kisahani hicho alikiweka karibu na penisilini kila asubuhi kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, nami nilikuwa nimekiona siku zote bila kuelewa kazi yake. Akampiga adrenalini kwenye paja. Fundi akaanza kuvuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. Alikaa nasi siku nzima, maana kitu hicho huweza kurudi baada ya kuondoka, na jioni akaomba chakula.

Nilimsumbua mzee wangu kwa maswali wiki nzima. Kwa nini viganja ndivyo vianze? Kwa nini fundi alipata sindano kama hiyo mwaka uliotangulia na hakudhurika? Akanieleza kwamba mara ya kwanza mwili huwa unaitambua tu dawa ile, na ugomvi huja wanapokutana tena. Ndiyo maana mgonjwa anayewaambia "nilishapigwa, haikunifanya kitu" msimchukulie kwamba amemaliza maneno.

Alinifundisha pia kwamba si kila upele ni penisilini. Mtoto anakuja na homa, anapigwa sindano, siku ya tatu anatoka vipele vya surua ambavyo vilikuwa njiani tayari, na lawama inaangukia dawa. Mwingine anaharisha, anasema ni aleji. Kwa hiyo uliza: nini kilitokea, na kilitokea muda gani baada ya sindano? Kilichokuja upesi, pamoja na kuvimba, kuwashwa na kukosa hewa, hicho kiogope. Na ukishakiogopa, waogope na ndugu zake, maana ampisilini na wenzake ni ukoo mmoja hata wakivaa majina mengine.

Basi Katanga, mkoa wetu, ikajitenga na Kongo. Tukapata bendera yenye misalaba ya shaba, tukapata na vizuizi barabarani. Papa Mutombo, kama watu wengi wa Kasai, alipanda treni akaenda kwao, maana hapa hakuwa tena na usalama. Aliniachia jiwe lake la kunolea. Nililia kituoni bila kujificha.

Mimi ni mtu wa Sakania, kule reli inakoelekea Zambia. Jina langu ni Kabwe. Wakati ule jina la mtu lilifanya kazi ya pasi, likikufungulia kizuizi au kukufungia. La kwangu lilifungua. Waluba, wa Kasai na wa kaskazini ya Katanga, majina yao yaliwafungia, kwa kuwa walihesabiwa wapinzani wa kujitenga, na maelfu walikimbilia kambi pembeni ya mji, wakilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa wenye kofia za buluu. Kutoka kambi hiyo, lori lilituletea wagonjwa mahututi, kila mmoja na msindikizaji mmoja tu.

Hivyo ndivyo alivyofika Mama Léonie na binti yake Mwadi, mtoto wa miaka minne hivi. Nimonia. Mbavu ziliingia ndani kila alipovuta pumzi, na pua zilipanuka. Daktari wetu, Mzungu mmoja aliyebaki peke yake na wodi mbili, alimsikiliza kifua akasema penisilini, mara moja.

"Hapana, Docteur," mama akasema, na akamvuta mtoto kifuani. "Penisilini inamukatala. Ilitaka kumuua."

Daktari akaandika neno *allergique* kwa wino mwekundu, akaagiza vidonge vya salfa, akakimbia kwa majeruhi. Dawa nyingine hatukuwa nazo, njia zilikuwa zimefungwa. Vidonge vya salfa mtoto alivitapika. Tukavisaga kwenye uji, akautapika na uji. Kufikia adhuhuri ya siku ya pili midomo yake ilianza kubadilika rangi, na mimi nilikuwa na penisilini kabatini. Nikavuta kiti, nikaanza kuuliza kama nilivyofundishwa.

"Mama, ile siku ilitaka kumuua, uliona na macho?"

"Miye mwenyewe niliona. Ilikuwa kule Pweto, ku dispensaire. Bakamupiga shindano, mara moja uso ikavimba, macho ikafungana, akaanguka chini na kitunga yake ya samaki."

Upesi, kuvimba, kuanguka. Ilikuwa ni yenyewe. Lakini kitunga kikanishangaza.

"Alikuwa anabeba kitunga?"

"Eh, ya samaki ya kukauka. Ile biashara njo ilikuwa yake."

Nikajisemea kwamba watoto wa Pweto huanza kazi mapema. "Na nani alimubeba?"

"Bwana yake."

Hata hapo sikushtuka. Babu zetu wote humwita mjukuu wa kike "bibi yangu", na mjukuu humjibu "bwana yangu", ni utani wa kila nyumba. "Kisha?"

"Kisha tukaogopa sana. Tukasema mimba itatoka."

Niliacha kuandika. "Mimba ya nani, Mama?"

"Ya ndugu yangu mudogo, Jean. Lakini alizaliwa muzuri."

"Mama, huyu Mwadi iko na miaka ine."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwanafunzi mzito. "Muganga, ile ilikuwa Mwadi mukubwa, mama yangu. Njo majina yake. Lakini iko muntu moja tu. Kama inakatala mukubwa, inakatala na mutoto."

Nanyi mliokulia hapa hamhitaji maelezo, ila gazeti hili la hospitali husomwa na wageni. Kwetu mtoto akipewa jina la mtu, mtu huyo ni wajina wake, au kwa lugha yetu majina yake, na wajina ni zaidi ya kuitana sawa. Mtoto husalimiwa kama mkubwa wake. Nyama ambayo mkubwa hali, mtoto halishwi. Mama Léonie hakudanganya hata neno moja. Mimi na daktari tulikuwa tumeuliza maswali yote isipokuwa moja: ilimpata nani?

Daktari, nilipomwambia, alikaa chini. Akauliza vizuri: mtoto mwenyewe alishawahi kuipata? Hajawahi kabisa. Akasema aleji haipiti kwenye jina, na kwamba bibi kuwa nayo hakumfanyi mjukuu awe nayo, ila kwa usalama tutajaribu kwanza kwenye ngozi. Lakini mama akakataa. Hakufoka. Alisema, "Kitu mama yangu alifunga, miye siwezi kufungua. Mumuite ye mwenyewe, iko ku kambi."

Nikaondoka na dereva wa gari la wagonjwa kuelekea kambini. Kwenye kizuizi jandarme, askari wa Katanga, akaingiza kichwa dirishani.

"Munaenda kutafuta nani kwa bale Baluba?"

Nilikuwa nimetayarisha uongo mzuri, ukanitoka kichwani. "Majina ya mutoto," nikasema. "Mutoto iko anakufa."

Akaniuliza, "Majina yake kabisa?" Akainua mti wa kizuizi. Tuliporudi na mwanamke Mluba nyuma ya gari, aligeukia upande mwingine akawasha sigara.

Mwadi mkubwa hakuwa ajuza. Shingo yake ilikuwa nene na imara kwa kubeba vitunga, na mdomo wake haukupumzika. Njiani alimwambia dereva kwamba anaendesha kama aliyeiba gari. Lakini alipofika kitandani na kuona mbavu za mtoto, aliacha utani, akainama akanusa pumzi yake.

"Kwetu," akasema, "kama kitu inakatala muntu, na anataka majina yake aikule, ye mwenyewe anaonja ya kwanza. Lete ile dawa. Munipige miye mbele."

Mimi na daktari tulisema hapana kwa pamoja. Nikamsimulia habari za fundi mwashi. Nikamwambia kwamba yeye ilishamkataa mara moja, na mara ya pili inaweza kumuua kabla sindano haijatoka.

"Na nikikufa, ye anapona?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu njia ya kupita.

Mama Léonie alifunika uso kwa kitenge. Nami, kwa kuwa sina dawa nyingine ya woga, nikauliza swali langu la siku zote.

"Mama, juu ya nini lazima ionjwe? Hakuna njia ingine ya kumufungua mutoto?"

Alimpapasa mtoto nywele. "Iko," akasema. "Ninaachilia jina."

Akaeleza polepole. Jina lisipomfaa mtoto, mwenyewe hulichukua, na mtoto hupewa wajina mwingine. Ni jambo linalofanyika, ila hakuna anayelipenda. Katika nyumba yao yote mtoto huyu ndiye pekee aliyebaki na jina lake. Wa kwanza waliyempa walimzika njiani walipokuwa wakikimbia. Nilimwona akihesabu jambo hilo ndani yake, na nikamwonea uchungu ambao sikuuona hata kwa wafiwa.

Kisha akainua macho. "Hapa nani penisilini inamupenda? Weye muganga, ulishapigwa?"

"Nilipigwa, Mama. Mara mingi. Nilikuwa na jipu."

"Na haikukatale?"

"Hapana."

"Unaitwa nani?"

"Kabwe. Wa Sakania."

Mama Léonie akashtuka. "Mama, jina ya bale bantu banatufukuza?"

"Jina ya muntu penisilini inamupenda," mama yake akamjibu. "Nipe maji."

Alichovya vidole, akampangusa mtoto paji la uso. "Mwadi amerudia kwangu. Weye uko Kabwe. Kula kitu majina yako anakulaka." Hayo tu. Akatoka nje, akasimama ukutani mgongo akitupa, na mabega yake yalitikisika. Sikumfuata. Mtu akitoa kitu kikubwa namna ile, mwache peke yake.

Tukafanya kazi yetu. Tulizimua penisilini mara nyingi, tukaweka tone kwenye mkwaruzo mdogo wa mkono, adrenalini ikiwa tayari kwenye kisahani. Tukangoja. Ngozi haikuinuka wala haikuwa nyekundu. Tukaweka kidogo chini ya ngozi, tukangoja tena. Hakuna. Daktari akatoa dozi ndogo, kisha dozi kamili, na kila mara alimwambia mtoto "Courage, Kabwe" kwa heshima ambayo mimi Kabwe mwenyewe sikuwahi kuipata kwake. Nilitolea hewa ndani ya pamba. Siku iliyofuata mbavu zilitulia. Baada ya hapo mtoto akaomba bukari, ugali wetu, na bibi yake akanisalimia mlangoni, "Jambo yako, Kabwe mukubwa," kisha akageuka upesi.

Kujitenga kukaisha, kambi ikafungwa, watu wakatawanyika. Lakini wajina hawatawanyiki. Kila msimu nililetewa samaki wakavu wa Pweto, na binti akakua akinijia kwa mambo yake yote, ya shule, ya uchumba, ya watoto. Bibi yake aliishi akamwona ameolewa. Hadi mwisho alimwita Kabwe, na hakukosea hata siku moja. Nilikuwa nikimsikiliza nione kama atateleza aseme Mwadi.

Nami miaka ikanifanyia alichosema Papa Mutombo. Mimi nilitumia pamba, lakini wenzangu walirusha, na hewa ya wodi ni moja. Vidole vikapasuka. Kope zikawa zinawasha kila asubuhi ya kuandaa dawa. Nikiwa mtu mzima kabisa nikaugua koo, mwenzangu akanipiga penisilini, nikakaa kwenye benchi. Viganja vikaanza kuwasha. Nakiri nilipendezwa kidogo kuona kwamba kweli vinaanza viganja, kisha nikasikia ile hali ya fundi, kwamba nakufa, na haikunipendeza tena. Adrenalini ilikuwa kwenye kisahani, kwa hiyo ninaandika haya.

Wiki yangu ya mwisho kazini Kabwe, wajina wangu, alikuja na koo lililovimba. Muuguzi kijana akamuuliza kama kuna dawa inayomdhuru, na nilifurahi, maana nilimfundisha mimi.

"Penisilini inanikatala," Kabwe akasema.

"Ilikupata weye mwenyewe?" kijana akauliza. Hapo nilifurahi zaidi.

"Ilimupata huyu Papa. Njo majina yangu."

Kijana akanitazama, akijizuia kucheka. Nikavuta kiti, nikamweleza Kabwe taratibu kila kitu, kuanzia jina hadi ngozi. Alinisikiliza kwa adabu. Hadithi ile aliijua kuliko mimi, alisimuliwa na bibi yake.

"Minajua, Papa. Haiko mwili yangu inaikatala."

"Basi juu ya nini?"

"Nkambo Mwadi aliachilia jina yake juu miye nilikuwa ninakufa. Leo siko ninakufa, ni koo tu. Juu ya nini nikuachilie?"

Nimeuliza swali hilo maisha yangu yote, na siku hiyo nikaulizwa mimi. Nikamwambia kijana ampe eritromisini, na kwenye kadi asiandike kwamba ana aleji, aandike kwamba hataki. Ni mambo mawili tofauti, na siku moja tofauti hiyo itaokoa mtu.

Siku hiyo ikiwa ni ya Kabwe, na penisilini ndiyo dawa pekee ya kumwokoa, huenda mimi sitakuwepo wa kuitwa. Basi naandika hapa, ninyi mkiwa mashahidi: jina langu nimeliachilia tayari. Mpangusieni paji la uso kwa maji, mtafutieni mtu ambaye penisilini inampenda, jaribuni ngozi kwanza, na kisahani kiwe karibu. Na mtakapotoa hewa, tumieni pamba.